Yamaha DT175 MX ya miaka ya 70: nini kirudishwe, nini kibadilishwe (uzi maalumu wa pikipiki za porini za zamani)

SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye DT, XL, TS, XT na pikipiki nyingine za porini za zamani zilizolala stoo, chini ya mwembe au kwenye banda la kuku. Nchi hii imejaa pikipiki za namna hiyo. Zililetwa na miradi ya maji, chanjo, misheni na idara za kilimo, zikabeba mabwana shamba na waganga milimani na mabondeni, halafu zikapigwa mnada, zikaishia vijijini, zikanyamaza. Kila nikisikia moja imekatwa ikauzwa chuma chakavu inaniuma kweli.

Yangu ni Yamaha DT175 MX. Ukitaka kuitambua haraka, soma mwanzo wa namba ya injini: 2K4 ni 175, 2A8 ni mdogo wake DT125 MX. Angalia hapo kabla hujatoa hela, maana stika za ubavuni hubandikwa na yeyote. Hii nimeipata kwa mzee mmoja Korogwe, aliyeinunua mnadani ikiwa bado na namba za DFP (za miradi ya wafadhili). Tanki limeoza kutu kwa ndani, siti imeliwa na panya, kiki haishuki hata ukiisimamia, kabureta iliyofungwa ni ya bodaboda, na pampu ya oili imeng'olewa, tundu lake limezibwa kwa kibati na silikoni. Lakini fremu imenyooka. Hilo ndilo lililonifanya ninunue, kwa sababu vilivyobaki vyote vinatengenezeka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Injini, breki na bushi vinarudi kama kiwanda kilivyokusudia. Ninabadilisha kile tu ambacho njia zetu zinadai, na badiliko lolote liwe la kufunga kwa bolti na kufungua kwa spana. Fremu haikatwi wala haichomelewi. Asiyekubaliana aje na hoja, ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwa wageni wa mashine hii: ukoo wake ulianza na DT-1 ya 1968, cc 250, pikipiki iliyoweza kwenda kazini Jumatatu na kupanda mlima Jumapili bila mtu kubadilisha kitu. Yetu ina cc 171, upana wa silinda 66 mm, stroki (mwendo wa pistoni) 50 mm, nguvu farasi 16 hivi, gia 6, uzito karibu kilo 100. Ni ya stroki mbili, yaani oili inaungua pamoja na petroli. Nyuma ina shokapu moja tu, imelazwa chini ya tanki. Mfumo huo ulibuniwa na Mbelgiji, Lucien Tilkens. Yamaha wakauchukua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akabeba ubingwa wa dunia wa motokrosi daraja la cc 250 akiwa juu yake. Miaka michache baadaye mfumo uleule uko chini ya bwana shamba anayekagua mahindi. Mimi hilo linanigusa sana, na ndiyo sababu sikubali iitwe mkweche.

KirinyagaRoad (Nairobi)

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nina Suzuki TS185 ya marehemu babu, nayo imekaa shamba Nyandarua tangu nikiwa mdogo. Kabla hujafika kwenye injini, tuambie ya tanki. Hapa makanika wawili wameniambia nitie changarawe na kulitikisa siku nzima. Mwingine anataka kulikata chini, alikwangue, kisha alichomelee. Naogopa.

SpanaKumi

Usikubali likatwe, mkuu. Tanki lililowahi kubeba petroli likiguswa na moto wa kuchomelea linaweza kulipuka hata kama limekauka miaka. Changarawe nayo inaacha kutu kwenye kona na kubonyeza bati lililokwisha kuwa jembamba.

Mimi nimetumia umeme na magadi, yale yale ya sokoni ya kulainishia maharage. Suuza tanki kwa maji ya sabuni mara nyingi mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Ziba tundu la koki, jaza maji, tia magadi kama kijiko kikubwa kwa kila lita 4, koroga. Kisha ning'iniza nondo safi katikati ya mdomo wa tanki, uishike kwa kipande cha mbao au mpira ili isiguse bati popote. Chaja ya betri ya gari: waya chanya kwenye nondo, waya hasi kwenye tanki lenyewe. Ukigeuza hizo waya utakula tanki badala ya kutu, kwa hiyo hakikisha mara mbili.

Baada ya muda utaona mapovu na uchafu wa rangi ya chungwa unapanda juu, nondo inavaa ukoko mweusi. Zima chaja, kwangua nondo, irudishe. Endelea hivyo mpaka ukimulika ndani uone bati la kijivu. Mambo mawili ya usalama: mapovu yale ni haidrojeni, inawaka, fanyia kazi hiyo nje, pasiwe na moto wala sigara karibu. Na usitumie chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maana kinatoa sumu ndani ya maji.

Ukimaliza, suuza na ukaushe hapohapo kwa hewa ya moto, halafu zungusha petroli yenye oili ya stroki mbili ipake kuta zote. Ukichelewa hata kidogo kutu nyembamba inarudi mbele ya macho yako.

FundiGerezani

Mkuu nimesoma kwa heshima, lakini nipe nafasi niseme kama mtu wa spana kila siku. Hapa Gerezani, Dar, wananiletea DT mara kwa mara. Ninawashauri waweke injini ya kisasa ya mchina ya stroki nne, cc 150 au 200. Spea zinauzwa hadi kwenye duka la sukari na chumvi. Haili mafuta, haihitaji oili ya kuchanganya, fundi yeyote wa bodaboda anaijua. Injini ya DT ikinoki leo Sumbawanga, utampata nani? Mteja wangu ni mkulima, anataka kufika shambani, historia ya ubingwa wa dunia haimsaidii.

SpanaKumi

Hoja yako ni nzito na siipuuzi. Injini hizo nyingi ni wajukuu wa Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 70, ambayo Honda waliitengeneza makusudi kwa nchi ambako mtu anasahau kubadilisha oili. Waliondoa cheni ya juu wakaweka vijiti vya kusukuma vali. Ni injini nzuri kwa kazi yake, na mkulima wako akinunua pikipiki mpya yenye injini hiyo nitampongeza.

Tatizo ni kuiingiza kwenye fremu ya DT. Mashikio hayalingani, kwa hiyo fremu inakatwa na kuchomelewa vipande. Cheni haikai kwenye mstari mmoja, sproketi zinaliwa upande. Injini ile ni nzito kuliko ya DT, na shokapu za mbele zinazama kabla hujafika kwenye shimo. Halafu kadi ya usajili ina namba ya injini na ya chesisi. Namba ya injini ikitofautiana na kadi na hujaipeleka TRA (mamlaka ya mapato) ikarekebishwa, siku ya kuuza au ya kusimamishwa na trafiki una kesi. Unakuwa na pikipiki mbili zilizoharibiwa ili kupata moja inayotembea upande.

Kuhusu spea: DT175 ni miongoni mwa pikipiki zilizotengenezwa kwa muda mrefu mno. Pistoni, ringi, sili na gasketi zake bado zinauzwa. Na DT125 MX ina stroki ileile ya 50 mm na sehemu ya chini ya injini inayofanana sana, kwa hiyo mfu wa 125 ni ghala la spea kwa mwenye 175. Nunua injini za 125 zilizokufa popote unapozikuta.

BwanaShambaMstaafu

Vijana, hamjambo. Nimestaafu, lakini DT niliiendesha kazini Mbulu na baadaye Kondoa. Nataka kusema jambo moja kuhusu pampu ya oili, kwa sababu naona mwenzetu kakuta imeng'olewa. Tulikuwa na maelekezo ya kukagua kioo cha tangi la oili kila asubuhi kabla ya kuondoka, pamoja na cheni na upepo wa matairi. Walioandika kwenye daftari kila siku, pikipiki zao zilidumu. Walioacha, injini zao zilinoki, halafu fundi anaambiwa pampu ni mbovu, anaing'oa. Pampu ilikuwa nzima, tangi ndilo lililokuwa tupu.

SpanaKumi

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Wengi mnaniuliza faraghani kama mwache kuchanganya oili kwa mkono mrudishe pampu. Jibu langu ni kuirudisha. Mfumo huo Yamaha waliuanzisha mwaka 1964 wakauita Autolube. Pampu inazungushwa na injini yenyewe, na kebo yake imeunganishwa na ya mafuta. Kwa hiyo kiasi cha oili kinafuata mambo mawili, kasi ya injini na jinsi ulivyofungua mafuta.

Sasa fikiria kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo. Ni kama km 33 za kona, umefunga mafuta, gia ya 3, injini inalia kwa sababu mlima unaisukuma. Kama oili yako imo ndani ya petroli, ukifunga petroli umefunga na oili, na pistoni inakwenda mbio ikiwa karibu kavu. Pampu inaendelea kutoa hata mafuta yakiwa yamefungwa, kwa sababu inafuata mzunguko wa injini. Kwa nchi ya milima hiyo peke yake inatosha kunishawishi.

Ukiirudisha, fuata utaratibu huu. Toa hewa kwenye bomba mpaka oili itoke bila povu. Linganisha alama ya kwenye puli ya pampu na mvuto wa kebo kama kitabu kinavyoelekeza, usikadirie kwa jicho. Tangi la kwanza la petroli changanya na oili kidogo pia, kwa tahadhari, huku unatazama oili ya kwenye tangi lake ikipungua. Ikipungua, pampu inafanya kazi.

Na oili iwe ya stroki mbili yenye daraja la JASO FC au FD. Oili ya injini ya lori, SAE 40, haiungui vizuri, inajenga kaboni kwenye tundu la ekzosi mpaka pikipiki inakosa nguvu na mwenyewe anadhani klachi imekwisha.

Kabureta_Mbeya

Twende kwenye injini sasa mkuu. Kiki uliikomboaje?

SpanaKumi

Kwa subira. Pistoni iliyoganda usiilazimishe kwa kiki, utavunja meno ya gia ya kiki na hapo gharama inazaa gharama. Nilifungua kichwa, nikajaza dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki juu ya pistoni, nikaiacha inyonye, nikiongeza kila ilipopungua. Kisha kipande cha mti mgumu juu ya pistoni na nyundo ya mpira, kugonga polepole kuzunguka. Ilipoanza kusogea upande mmoja sikufurahi mapema, niliirudisha na kuisogeza mpaka ikawa huru.

Silinda ilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi, kwa hiyo ilibidi ichongwe kwenda saizi ya juu. Hapa nawasihi wote: nunua pistoni kwanza, ndipo uende kwa mkerezaji, na umkabidhi pistoni mkononi. Ovasaizi zinakwenda kwa hatua za 0.25 mm, lakini pistoni mbili zenye namba moja kutoka viwanda tofauti hazilingani kabisa. Mkerezaji mzuri anaipima pistoni yako kwa maikromita, chini kwenye sketi, halafu anachonga silinda iifuate, akiacha nafasi ya sehemu 4 hadi 5 za mia za milimita. Ukimwambia tu "nichongee 0.50" umemwachia bahati nasibu.

Silinda ya stroki mbili ina madirisha ukutani, matundu ya kupitishia hewa na moshi. Ikishachongwa, kingo za madirisha hayo zinabaki kali kama wembe. Lazima zilainishwe kwa jiwe au msasa laini, la sivyo ringi zinanasa na kukatika ndani ya saa chache. Mafundi waliozoea magari hawalijui hili kwa sababu silinda ya gari haina madirisha. Simama pale uhakikishe limefanyika. Mshale wa juu ya pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye pini zake ndogo, na klipu za pini ya pistoni ziwe mpya, kamwe usirudishe za zamani.

Halafu sili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ambazo ndizo zinaua injini nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kwenye stroki mbili chumba cha krenki ni sehemu ya mfumo wa kupumua. Sili ya upande wa sumaku ikichoka, injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, pistoni inashika. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia, moshi mweupe haukomi na oili inapungua bila kuvuja chini. Pikipiki iliyolala miaka, badilisha zote mbili bila kuuliza.

Kabla ya kupiga kiki nilifanya jaribio la upepo. Ziba tundu la kabureta na la ekzosi kwa mpira wa chubu na bamba, tafuta njia ya kuingiza upepo na geji ndogo, jaza psi 6 tu. Inatakiwa ishike kwa dakika 6. Ikishuka, paka maji ya sabuni kila maungio utafute mapovu. Yangu ilivuja chini ya silinda, gasketi haikukaa sawa. Nilifungua, nikasafisha, nikafunga tena, ikashika. Jaribio hili ni la bei ya chubu chakavu na linaokoa pistoni mpya.

KirinyagaRoad

Hiyo ya psi 6 sijawahi kusikia fundi wa huku akiitaja. Nimeiandika. Na krenki yenyewe?

SpanaKumi

Shika konrodi, ivute juu na chini ikiwa pistoni imetolewa. Ikicheza juu-chini hata kidogo, beringi ya chini imekwisha. Kusogea kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Yangu ilikuwa nzima, nikaisafisha tu na kuweka beringi mpya ya juu. Ikikufia, krenki inatenganishwa kwa presi na kuunganishwa tena, na lazima inyooshwe kwa geji ya saa mpaka mtikisiko uwe ndani ya sehemu 3 hivi za mia za milimita. Hiyo si kazi ya nyundo na macho. Tafuta karakana yenye vifaa, uliza hata SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako.

MamaSpoku (Moshi)

Hamjambo wote. Kazi yangu ni kusuka rimu za spoku, wengi mmepitia kwangu bila kujua jina langu la humu. Nataka kuwaomba jambo moja: msifungue spoku kabla hamjaniletea tairi. Kila mmoja anakuja na mfuko wa spoku zilizolegezwa, rimu peke yake, habu peke yake. Habu haikai katikati ya rimu kila mara, nyingi zimesogezwa upande ili cheni na breki vipate nafasi. Kipimo hicho kinachukuliwa tairi likiwa limefungwa: rula ya chuma kwenye uso wa habu, pima hadi ukingo wa rimu, andika.

Nikisuka, nakaza kwa raundi, robo ya mzunguko kila nipo (nati ya spoku), spoku zote 36, kisha naanza upya. Mwisho nazigonga na spana ndogo nikisikiliza. Zilizokazwa sawa zinalia sauti moja, iliyolegea inatoa sauti ya bati. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya mrudi nikaze tena, maana spoku mpya zinakaa.

DT ina inchi 21 mbele na 18 nyuma. Msiweke 18 mbele kwa sababu tairi ni rahisi kupata. Ile 21 ndiyo inayopanda juu ya jiwe na kupita kwenye mchanga. Matairi ya 21 yapo, yanaletwa kwa ajili ya pikipiki za porini za kisasa.

SpanaKumi

Asante sana dada. Naongezea kwa upande wa shokapu. Za mbele: sili mpya, oili mpya, na kama bomba lina vidonda vya kutu palipo na sili, sili mpya itakatika wiki hiyohiyo. Vidonda vidogo vinaweza kujazwa na kung'arishwa, vikubwa vinahitaji kromu ngumu na kusagwa. Springi za zamani zimechoka, na badiliko la kwanza nililofanya ni kukereza bushi za plastiki ngumu za kuweka juu ya springi ili zibane kidogo zaidi. Ukitaka kuzitoa, ni kufungua kofia mbili.

Ya nyuma ina gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa. Msitoboe, msipashe moto, msimruhusu fundi wa kuchomelea aisogelee. Kama imekufa, tafuteni nyingine nzima.

Bushi za mkono wa nyuma ndizo watu wanazisahau. Zikiisha, pikipiki inatikisa mkia kwenye kona na mwenyewe analaumu matairi. Zangu nimekereza mpya za shaba nyeusi, na nimeweka nipo ya grisi kwenye ekseli yake. Hilo ni badiliko la pili.

La tatu ni sproketi. Kuondoa jino moja mbele kunalingana na kuongeza kama matatu nyuma, na ni rahisi zaidi. Kwa njia za Usambara nimeondoa moja mbele. Imepoteza kasi ya lami, imepata mlima.

Kabureta_Mbeya

Taa je? Hizo volti 6 ni mshumaa.

SpanaKumi

Hilo ndilo badiliko la nne, na kwa usalama wa usiku naliunga mkono bila kusita. Habari njema ni kwamba cheche za CDI (mfumo wa umeme wa plagi) kwenye MX zina koili yake chini ya sumaku, mbali na ya taa. Unagusa koili ya taa tu, injini haijui chochote. Niliisuka upya na kufunga regulata ya volti 12 na balbu za LED. Koili ya zamani niliihifadhi kwenye mfuko wenye jina. Sumaku itolewe kwa pula yake, msiigonge nyundo, mtapasua krenki.

Nawe ukiwa Mbeya una jambo la kunisaidia. Mjini kwenu ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Unatumia jeti gani (kile kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta)?

Kabureta_Mbeya

Nimeshuka saizi mbili kwenye jeti kubwa kutoka ile ya kiwanda. Juu hewa ni nyembamba, ukiacha jeti ya pwani petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi na mbichi, inakohoa mlimani. Lakini tahadhari kwa wanaosafiri: ukiweka jeti ya Mbeya halafu ukashuka Dar ukiwa na mwendo, hewa inakuwa nzito na petroli haitoshi. Hapo ndipo injini inaponoki maeneo ya Chalinze na mtu anasema ni joto. Kabla ya kushuka rudisha jeti ya pwani. Ni bisibisi na dakika chache.

Na kabureta iwe Mikuni VM24 halisi. Za kuiga zinafanana nje, lakini sindano na koo lake havilingani, utahangaika na jeti milele.

SpanaKumi

Naafiki kila neno. Plagi yangu ni B8ES, na baada ya kupanda mlima mrefu nazima injini hapohapo, natoa plagi nasoma. Kahawia ya udongo mkavu ni salama. Nyeupe yenye vidoti ni onyo la kusimama.

XTMzaramo (Hamburg)

Salaam kutoka Ujerumani. Nina XT500, cc 499, stroki nne, silinda moja. Hiyo ndiyo aliyoshindia Cyril Neveu mbio za Paris–Dakar za kwanza mwaka 1979 na akarudia 1980. Wenye XT wajue: usipige kiki kwa hasira. Bonyeza wenzo wa kuachia mgandamizo, sukuma kiki polepole mpaka alama ionekane kwenye kidirisha kidogo cha kichwani, achia wenzo, rudisha kiki juu, piga moja ya kushiba bila kufungua mafuta. Wanaovunjwa kifundo cha mguu ni wale wanaoruka hatua.

Swali kwa SpanaKumi: tanki la DT ni karibu lita 7 tu. Umefanya nini?

SpanaKumi

Sijagusa tanki. Nimefunga keria nyuma kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwepo, ina sehemu ya galoni dogo. Kuna waliofunga tanki la pikipiki nyingine, lakini linaficha njia ya kufikia shokapu ya nyuma na kubadilisha uzito. Keria inatosha kwangu.

FundiGerezani

Nimesoma yote. Sijabadilisha msimamo kwa mkulima asiye na muda, lakini hili la kulainisha kingo za madirisha na jaribio la upepo nitaanza kulifanya. Kuna DT125 imekaa hapa kwangu mwaka wa pili, mwenyewe alitaka nikate fremu. Nimempigia simu nimwambie asubiri. Namba yake inaanza 2A8. Swali: naweza kupandisha silinda ya 175 juu yake?

SpanaKumi

Umenifurahisha sana fundi. Inawezekana na wengi wamefanya, lakini usifunge kabla ya kujaribu kavu. Weka silinda ya 175 bila ringi, zungusha krenki kwa mkono, hakikisha sketi ya pistoni haigusi kingo za mdomo wa keshi ya chini (ganda la chini la injini) mahali popote. Pima na nafasi ya juu ya pistoni kwa risasi laini ya kuchomelea waya: iweke pembeni, zungusha, itoe, pima unene wake. Kichwa kiwe cha 175 pia, na jeti zifuate. Namba ya injini inabaki ileile ya keshi, lakini cc kwenye kadi itakuwa si ya kweli, kwa hiyo mwenyewe aende TRA.

Na kama pikipiki yenyewe iliingia kwa msamaha wa kodi, ya mradi, aulize kwanza kama kodi ililipwa ilipohamishwa. Ikiwa haikulipwa, deni linaweza kumfuata aliyenayo mkononi leo. Mwambie akague hilo kabla hujachonga chochote. Karatasi zikiwa safi, nitumie kipimo cha silinda uliyoipata. Nina pistoni ya ovasaizi ya pili ya 175 ambayo haijafunguliwa boksi, na nitaileta Gerezani mwenyewe nikija Dar.